Mwanangu alidhani bibi yake amemtukana: mtoto asiyejua lugha ya wazee wake ni wa wapi?

Mama Kaiza, Dar es Salaam

Shikamooni wakubwa, na kwa wa rika langu na wadogo, habari zenu. Nimesoma mijadala mingi hapa bila kuchangia, lakini leo nina jambo ambalo limenikosesha usingizi tangu mwezi Desemba, nami naomba mnivumilie nilieleze kwa urefu kidogo.

Mwezi huo tulikwenda Muleba, mkoani Kagera, kumzika baba yangu mdogo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mwanangu wa mwisho, mwenye umri wa miaka 9, kukaa na bibi yake kwa zaidi ya siku mbili. Siku ya tatu nilikuwa nyuma ya nyumba nikimenya ndizi pamoja na wanawake wa ukoo, ndipo akanijia macho yamemwiva, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba bibi amemtukana. Nilipomuuliza ametukanwa nini, alikataa katakata kulitamka neno lenyewe, kwa sababu nyumbani kwetu anayelitamka neno hilo hukiona cha mtema kuni. Ikabidi aliandike kwa kidole mavumbini: *nyoko*.

Bibi alikuwa amemuuliza mama yake yuko wapi. Basi, hakuna jingine. Kwa Kihaya *nyoko* ni mama yako, kama vile *isho* ni baba yako, na ni neno safi linaloweza kutamkwa mbele ya padri. Wale wanawake walicheka mpaka mmoja akaangusha kisu, nami nikacheka nao. Lakini usiku, nikiwa nimelala kwenye chumba nilichokulia, nilijiuliza imekuwaje mtoto wangu wa kumzaa asikie mapenzi ya bibi yake, ayadhanie kuwa ni matusi.

Jina lake ni Kaiza. Kwetu jina hilo hupewa mtoto aliyezaliwa baada ya mapacha, na kweli kaka zake ni mapacha, yaani Ishengoma aliyetangulia na Kato aliyemfuatia. Kila Mhaya akisikia majina ya watoto wangu hujua ni yupi alizaliwa lini na nyuma ya nani, bila kuuliza. Wenyewe hawajui. Kaiza aligundua maana ya jina lake pale pale msibani, alipoambiwa na mzee mmoja ambaye hakuamini kwamba mtoto anaweza kufika miaka 9 bila kuambiwa.

Baba yao ni Mhehe wa Iringa, kwa hiyo lugha ya nyumbani imekuwa Kiswahili tangu siku tuliyofunga ndoa, na shuleni wanasoma kwa mchepuo wa Kiingereza. Mimi Kihaya nakijua vizuri. Sikukifundisha kwa sababu ambazo zamani niliziona zina uzito: shule ya bweni niliyosoma ilituadhibu tukikamatwa tunaongea kilugha, na mtu aliyefagia bwalo wiki nzima kwa kosa la kumsalimu mwenzake hawezi kutoka hapo akiamini kwamba lugha hiyo ni mali. Zaidi ya hapo niliogopa kwamba mume wangu angejiona mgeni ndani ya nyumba yake.

Mama yangu Kiswahili anakijua, lakini ni kile cha sokoni na cha hospitali. Kinamtosha kununua chumvi na kueleza anapoumwa. Hakimtoshi kusimulia hadithi, kuonya wala kutania. Nikiwasikiliza yeye na wajukuu wake wakizungumza, ni kama nasikiliza watu wawili waliokutana stendi wakingoja basi.

Mume wangu anasema nimejitwisha mzigo usio wangu, kwa kuwa kwa mila zetu zote mbili mtoto hufuata upande wa baba, na hawa ni Wahehe. Sawa, lakini hata Kihehe wanachokijua ni *kamwene* tu, na baada ya salamu hiyo huanza kutazamana. Naomba maoni yenu, hasa ya waliokwisha kupita njia hii: je, hawa ni wa kabila gani, kama ni wa lolote? Na je, kwa mtoto wa miaka 9 bado inafaa kuanza, au nitakuwa namtesa bure?

Mwalimu Mstaafu, Morogoro

Marahaba, Mama Kaiza, na pole sana kwa msiba.

Mimi ni Mgweno wa Mwanga, lakini nilifundisha Kagera kwa miaka 11, na kisa chako kimenirudisha mbali. Mwaka wangu wa kwanza huko nilimsikia mama mmoja akimwambia mtoto wa jirani neno hilo hilo, nikajiandaa kuamua ugomvi. Mtoto akajibu kwa heshima zote, akaondoka zake. Ndipo mwenyeji wangu akanieleza kwamba katika Kihaya huwezi kusema "mama" hivi hivi bila kuonyesha ni wa nani. Mama yangu ana neno lake, mama yako ni *nyoko*, mama yake ni *nyina*. Baba yako ni *isho*, baba yake ni *ishe*. Mzazi hasimami peke yake, lazima awe mzazi wa mtu, na mwenye mzazi huyo amefumwa ndani ya neno lenyewe. Mtoto anayekua na maneno hayo hufundishwa jambo kuhusu jamaa zake kabla hajajua kwamba anafundishwa.

Umeuliza kama watoto wako ni Wahaya. Sipendi kulijibu swali hilo kwa damu wala kwa mila za urithi, maana hapo hatutafika. Kipimo changu ni utani. Mtu ni wa mahali ambapo anaweza kutaniwa akaelewa, akajibu, na jibu lake likawachekesha wenyeji. Tanzania nzima inawatania Wahaya kwa neno *nshomile*, yaani "nimesoma", na wengi tunaolitumia tunajua maneno hayo hayo mawili matatu ya Kihaya. Kaiza akiitwa nshomile mjini, atacheka kama mimi Mgweno ninavyocheka, kwa kuwa sote tunautazama utani huo tukiwa nje. Lakini utani ambao bibi angemtania kuhusu jina lake, kwamba yeye ndiye aliyekuja kufagia njia waliyopita mapacha au lolote ambalo bibi angelibuni siku hiyo, huo haupiti katika Kiswahili cha sokoni. Hilo ndilo alilolikosa, nami silioni kuwa dogo.

Nieleze pia ni kwa nini sikulaumu. Wazazi wengi hudhani kwamba mtoto hurithi lugha kama anavyorithi pua. Mtoto hushika lugha ya anayemlisha uji. Katika nyumba nyingi za mjini anayemlisha uji ni dada wa kazi aliyetoka Singida au Dodoma, ambaye na yeye amekiweka kilugha chake kwenye begi siku aliyopanda basi, akabaki na Kiswahili kwa sababu ndicho pekee anachoshirikiana na tajiri wake. Baba anarudi saa mbili usiku, mama anarudi saa moja, na lugha ya kabila inabaki ya simu, tena simu za habari mbaya. Nimewahi kumsikia mtoto wa rafiki yangu akisema, "Baba akianza kuongea kilugha najua kuna mtu amekufa." Mtoto huyo alikuwa na miaka 6.

Hilo neno "kilugha" nalo tulitazame. Kiswahili ni lugha, Kiingereza ni lugha, ila Kihaya, Kisukuma na Kigweno ni vilugha, kana kwamba ni vitu vya mfukoni. Ilhali lugha ya taifa imekula kwenye vyungu vyao. Neno *ngeli*, ambalo kila mwanafunzi wa sarufi hulikariri, limetoka Kihaya. *Kitivo* cha chuo kikuu kimetoka kwa Wasambaa na Wapare, ambako ni ardhi yenye rutuba. *Kung'atuka*, lililozoeleka nchi nzima Mwalimu Nyerere alipoacha urais mwaka 1985, ni la Wazanaki. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ilizitambua lugha hizi kuwa hazina ya kukikuza Kiswahili, jambo jema, ingawa mimi huwa najiuliza kama lugha ya bibi yangu ilikuwepo duniani ili iwe ghala la lugha nyingine.

Kigweno changu ni ndugu wa Kichaga, japokuwa tumezungukwa na Wapare na watu hutuhesabu humo humo. Vijana wetu wanahamia Chasu, yaani Kipare, na Kiswahili. Nikienda nyumbani, wa kuongea nao Kigweno cha kweli, chenye mafumbo yake, ni wazee wenzangu, na kila mwaka barazani panapungua kiti. Wewe mama yako yuko hai na mtoto wako ana miaka 9. Anza leo, wala usianze na vitabu. Mwachie mtoto kwa bibi likizo nzima ya mwezi Juni, wewe usiwepo, na usiache mkalimani nyuma.

Mzawa wa Temeke

Shikamoo Mwalimu. Kwa heshima zote naomba kupinga, kwa sababu mjadala huu kila unapozuka, watu wa aina yangu tunazungumziwa kama marehemu.

Baba yangu ni Mluguru na mama yangu ni Mnyamwezi. Walikutana Dar es Salaam, wakapendana kwa Kiswahili, wakagombana kwa Kiswahili, na mama aliponibembeleza nilale alinibembeleza kwa Kiswahili. Hiyo ndiyo lugha yangu ya mama, kwa maana halisi ya maneno hayo. Sikupoteza kitu, kwa sababu mtu hapotezi asichowahi kukishika. Najua kuna mtu anasubiri kuniletea "mwacha mila ni mtumwa". Mimi mila yangu sijaiacha, iko hapa hapa: ni vigodoro, ni unyago uliokesha nyumba ya jirani, ni kahawa na kashata kijiweni, ni misemo inayozaliwa Mbagala asubuhi na kufika Mwanza jioni. Hayo nayo ni utamaduni, na yana watoto wake, nami ni mmoja wao.

Tusisahau vilevile tulichokipata. Nchi yenye lugha zaidi ya 120 ingeweza kuwa na siasa za kila mtu na mlima wake. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho iliyomhesabu Mtanzania kwa kabila lake, na tangu hapo serikali haina takwimu za kumwambia nani ni wengi kuliko nani. Mimi nimeulizwa kabila na mtu mwenye kalamu ya serikali mara moja tu maishani, siku niliyokwenda kuripoti simu iliyopotea, nikakaa kimya hadi yule askari akacheka akasema, "Andika la baba."

Mama Kaiza, mfundishe mwanao Kihaya kama unataka aongee na bibi yake. Hiyo ni sababu njema na inajitosheleza. Lakini usimwambie kwamba bila Kihaya yeye ni nusu mtu, maana akikuamini, atakuwa nusu mtu hata akijifunza.

Mwana wa Mvita, Mombasa

Ndugu yangu wa Temeke ameandika vyema, na maneno yake ya mwisho nimeyasoma mara mbili. Ila kuna jambo ambalo nyinyi wenzetu wa Tanzania hamulioni, kwa sababu mumelizoea. Munazungumza kana kwamba Kiswahili ni maji ya bomba, kila mtu anakinga na hakuna mwenye kisima. Sisi tuko. Kuna watu ambao Kiswahili si lugha yao ya taifa tu, bali ni lugha ya kabila lao, ya mazishi yao, ya nyimbo za kuogeshea watoto. Kisha kwenu neno "Mswahili" ni mtu mjanja mjanja asiyeshika miadi, na "uswahilini" ni mahali pasipo mitaro. Hebu fikirini jina la kabila lenu likitumiwa hivyo kila siku, tena bila kukusudia ubaya.

Na kuhusu kupotelewa na lugha, sisi imetufika tukiwa tumeishikilia mkononi. Katika mkutano uliofanyika hapa hapa Mombasa mwaka 1928, ilikatwa kwamba Kiunguja ndicho kitakachosanifiwa, na kamati iliyoundwa mwaka 1930 ikaanza kazi ya kunyoosha vitabu vyote vikifuate. Kimvita, yaani Kiswahili chetu cha Mombasa, kilichokuwa na washairi wa kiasi cha Muyaka bin Haji, aliyetunga wakati Mazrui wakitawala mji huu, kikabaki kuwa lahaja, yaani kilugha kwa jina la heshima. Mimi nilipokuwa darasa la tano niliandika katika insha *mtele*, na *ndia*, na kwamba mtu alitokwa na *matozi*. Mwalimu, ambaye hakuzaliwa pwani, alizungushia wino mwekundu kila neno, akaandika pembeni *mchele*, *njia*, *machozi*, na chini kabisa akanishauri nijifunze Kiswahili. Nilikwenda nyumbani nikamuonyesha nyanya. Alikuwa akichambua mtele.

Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 7, imeitaka dola ilinde na kukuza lugha za watu wa Kenya, pamoja na lugha ya ishara. Hilo ni jema. Lakini mtu akenda kutaka Kimvita kilindwe ataambiwa Kiswahili kishalindwa, ni lugha rasmi, unataka nini zaidi?

Ama neno lililomliza Kaiza, bibie, si geni kwetu. Katika Kiswahili cha kale mama ni *nina*, na tenzi za wazee zimejaa neno hilo, na *nyoko* lilikuwa ni mama yako tu, kama hivi tusemavyo *mamako* na *babako*. Kwa miaka na miaka watu walitukanana kwa kutajiana mama, hadi neno likachakaa upande wa heshima likabaki upande wa matusi peke yake. Kwa hivyo mueleze mwanao kwamba bibi yake hakutamka neno baya la Kihaya. Ametamka neno zuri la Kiswahili, ambalo Waswahili wenyewe tuliliharibu, na Wahaya wakalitunza.

Mzaliwa wa Lubumbashi, sasa Kigoma

Jambo kwenu nyote. Ninaandika Kiswahili nilichojifunza Kigoma, kwa maana Kiswahili nilichozaliwa nacho hapa kingenichekesha mwenyewe: kwetu hatuna "watoto", tuna *batoto*.

Nimefuatilia tangu juu, na ninaona kila mmoja anachukulia kwamba lugha ndiyo inayoamua mtu ni wa wapi, iwe lugha ya bibi au lugha ya mtaa. Ningependa kuwasimulia habari za kwetu Kongo, ambako haikuamua lolote.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na ilipokosa wafanyakazi wa kutosha karibu na migodi ya shaba ilileta watu kutoka Kasai, Rwanda-Urundi na Rhodesia ya Kaskazini. Katika kambi zile, Mluba wa Kasai, Mbemba na Mnyarwanda walipanga mstari mmoja wa maji, na lugha iliyobaki baada ya mstari huo ilikuwa Kiswahili. Babu yangu alifika akisema Tshiluba. Baba yangu alikielewa lakini alijibu kwa Kiswahili. Mimi ninajua kuhesabu hadi kumi, na maneno ambayo bibi aliyatumia alipokasirika. Kwa kipimo cha ndugu wa Temeke, sisi tulikuwa watu wa Lubumbashi kamili, kwa lugha, kwa chakula, kwa muziki, kwa timu ya mpira.

Mwaka 1992 na 1993 wanasiasa wa Katanga, ambayo wakati huo iliitwa Shaba, waliamua kwamba Wakasai warudi kwao. Tuliitwa *bilulu*, ambalo kwa Kiswahili chetu ni wadudu. Litazameni neno lenyewe: tulitukanwa kwa lugha yetu, na watu waliokulia nasi, kwa lafudhi ile ile moja. Maelfu walikaa kwenye kituo cha treni cha Likasi kwa miezi, wakilala juu ya magodoro yao, wakingoja mabehewa ya kuwapeleka Kasai ambako wengi hawakuwahi kukanyaga. Shangazi yangu alikuwa miongoni mwao. Aliposhuka huko wenyeji walimsikiliza akijaribu kuomba maji kwa Tshiluba chake cha vipande vipande, wakamuita Mkatanga.

Kwa hiyo, Mama Kaiza, ninamuelewa Mwalimu na ninamuelewa ndugu wa Temeke, lakini mwenye chuki akitaka kukufukuza hatakupima lugha, atakusoma jina. Watoto wako wanabeba majina ambayo kila Mhaya anayasoma mara moja, na asiyekuwa Mhaya anayasoma vilevile. Jina tayari limekwisha kuwaweka mahali, wapende wasipende. Mimi ningefurahi kama baba yangu angenipa na lugha pia, si ili niwe Mkasai zaidi, bali ili nielewe ninabebeshwa nini. Katiba yetu ya mwaka 2006 inazitaja Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha nne za taifa. Mbili kati ya hizo ni zangu. Moja ninaisema, na nyingine inaniita kila ninapotia sahihi.

Mnyambo wa Karagwe

Mimi nina machache, tena ya vitendo tu. Mtoto wa miaka 9 hajachelewa hata kidogo, usipoligeuza jambo hili kuwa somo la jioni baada ya kazi za shule. Kosa la wazazi wengi ni kuanza na orodha ya majina ya vitu, huyu ng'ombe, hii nyumba, mtoto anachoka kabla ya wiki kuisha. Anza na amri na salamu, mambo ambayo yanadai kujibiwa.

Redio za nyumbani haziwezi kukusaidia, kwa kuwa masharti ya utangazaji nchini ni Kiswahili na Kiingereza. Lakini mpaka uliochorwa mwaka 1890 na Waingereza na Wajerumani kwa kufuata latitudo ya nyuzi 1 kusini haukuzigawa lugha, uliwagawa watu tu. Kihaya na Kinyambo ni ndugu wa damu na Runyankore, Rukiga, Runyoro na Rutooro za Uganda, ambazo huko wamezikusanya chini ya jina la Runyakitara na kuzifundisha hadi chuo kikuu. Zina redio, zina mahubiri, zina vichekesho mitandaoni. Wanangu walianza kwa kucheka vichekesho vya Mbarara wasivyovielewa vizuri, na walipokwenda kijijini walimuuliza babu yao maneno. Babu alikasirika kwamba wanaongea kama Wanyankole. Kwa mwezi mzima aliwasahihisha, na hilo ndilo lililokuwa darasa lenyewe.

Mama Kaiza, Dar es Salaam

Nimesoma yote, mengine nikiwa kwenye foleni ya daladala, na nawashukuru kila mmoja kwa nafasi yake. Ndugu wa Lubumbashi, nimemsomea mume wangu maandishi yako kwa sauti. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kama namjua Mhehe yeyote aliye karibu na Tabata ambaye watoto wanaweza kumtembelea siku za Jumamosi. Sijampata bado. Mwana wa Mvita, nakuomba radhi kwa niaba ya wengi, maana neno "uswahilini" nimelitumia tangu nikiwa mdogo na sikuwahi kulisikia kwa masikio yako.

Likizo ya mwezi Juni imekubaliwa, ingawa Ishengoma na Kato wanadai kwamba huko hakuna mtandao. Kwa sasa tumeanza na simu kila Jumapili baada ya misa. Jumapili iliyopita nilimwambia Kaiza amuulize bibi jambo lolote analotaka kulijua, ila aulize kwa Kihaya, nami nitamnong'oneza asipojua neno. Alifikiri kidogo, akasema anataka kujua mama yake bibi alikuwa mtu wa namna gani. Nikamwambia haya, neno unalijua. Aliishika simu kwa mikono miwili, akanitazama mimi, akautazama mlango kuona kama baba yake anasikia, halafu akalitamka *nyoko* polepole sana, kama mtu anayekanyaga maji asiyojua kina chake.

Upande wa pili kulikuwa kimya. Kisha mama yangu akaanza kueleza, akaeleza, akafika mahali pa mwaka wa njaa na ng'ombe mmoja aliyeitwa kwa jina ambalo hata mimi sikuwahi kulisikia, Kaiza akinivuta nguo nimtafsirie na mimi nikimwashiria angoje, mpaka kifurushi cha dakika kikaisha katikati ya sentensi.